Maziwa ya Jioni

Hapo zamani ng'ombe alikuwa ndiye utajiri wa mtu, lakini nyama haikuwa chakula cha kila siku. Ililiwa arusini, matangani na wakati wa sikukuu. Siku hizi mambo yamegeuka. Katika nchi nyingi zinazoendelea, watu wakihamia mijini na kupata mshahara, vyakula vinavyoongezeka upesi mezani ni nyama, mayai na maziwa. Huko China, mwaka 1961 kila mtu alipata kwa wastani nyama isiyofika kilo 5 kwa mwaka. Leo ni zaidi ya kilo 60.

Kenya nayo imo katika mwendo huo, hasa kwa maziwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia wakulima Waafrika njia ya kufuga ng'ombe wa gredi. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha watu milioni 8.6, ile ya mwaka 2019 ilionyesha milioni 47.6, na wengi wao hawaoni chai kuwa chai pasipo maziwa. Sehemu kubwa ya maziwa hayo hutoka kwa wakulima wadogo wenye ng'ombe wawili au watatu. Kwa fedha zake karo zimelipwa na nyumba za mabati zimejengwa. Hakuna mwenye akili atakayelibeza jambo hilo.

Hata hivyo, yafaa kutazama ni nani aliyepunguziwa ili soko liongezewe. Kwa desturi ya Wanandi, maziwa ya asubuhi yalikuwa ya mume, na maziwa ya jioni yalikuwa ya mke. Kwa hayo ya jioni mama aliwanywesha watoto, akagandisha mursik katika kibuyu, na yaliyosalia akawauzia majirani apate chumvi na sukari. Hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Kisha vikaja vituo vyenye matangi ya kupozea, na pikipiki za kuchukulia maziwa. Sasa maziwa ya jioni nayo yaweza kuuzwa, na malipo huja mwisho wa mwezi kwa jina la aliyeandikwa katika daftari la chama, ambaye mara nyingi ni baba. Mama ndiye akataye majani, ndiye akamuaye, lakini fungu lake limeondoka bila baraza lolote kukaa. Mfinyanzi hulia gaeni. Na mtoto wa mfugaji hunywa chai isiyo na maziwa.

Jambo la namna hiyo limetokea pia katika Ziwa Victoria. Omena, kitoweo cha wasioweza kununua nyama, sasa kwa wingi husagwa na kufanywa chakula cha kuku. Kuku wa mjini hula sahani ya mtoto wa maskini.

Wengine watasema kwamba fedha zitanunua chakula kilicho bora. Huenda ikawa hivyo, lakini fedha za mwisho wa mwezi zina wenyewe wengi: shule, duka, deni na chakula cha ng'ombe. Maziwa yaliyomo kibuyuni yana mwenyewe mmoja, naye ni mwenye njaa. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Maziwa peke yake hayatamaliza shida hiyo, lakini ni msaada ulio karibu mno na mlango wa mfugaji.

Basi dawa haihitaji serikali kutunga sheria. Vyama vya ushirika na viwaandike wake pamoja na waume, na malipo ya maziwa ya jioni yawafikie akina mama wenyewe. Nyumbani nako, kikombe cha kila mtoto kipimwe kabla mkebe haujafungwa. Ng'ombe atoaye lita 8 kwa siku akiwa katika nyumba ya watoto watatu, na kila mmoja akapewa robo lita, hiyo haifiki sehemu moja katika kumi. Mnunuzi wa mjini hataona upungufu wo wote, na mtoto ataona tofauti kubwa.