Jeti Mbili

Kaka yangu ni bwana mifugo huko Lushoto, na kazi yake kubwa ni kuhimilisha ng'ombe wa maziwa. Kazi hiyo ina saa zake. Ng'ombe akionekana yuko kwenye joto asubuhi, anahimilishwa jioni. Akionekana jioni, ni kesho yake asubuhi. Ukichelewa, unasubiri mzunguko mwingine, siku 21 hivi. Kwa mama mwenye ng'ombe mmoja, hizo ni wiki tatu za kukata majani na kuyabeba kichwani huku ndama na maziwa vinasogezwa mbele. Hatakulaumu kwa maneno. Atakukaribisha chai tu, na chai hiyo ni ngumu kumeza.

Kwa hiyo mambo yote yanategemea pikipiki. Ya kaka ni Yamaha DT125 ya zamani, ya injini ya mipigo miwili, inayopozwa kwa hewa, mrefu wa miguu kama swala. Watu wa rika langu tunaikumbuka DT ikiwa ya bwana shamba, ya padri na ya mganga wa zahanati. Halafu zikaja pikipiki za mipigo minne kutoka China na India, zikaingia bodaboda, spea zikajaa kila duka, na DT zikaanza kulala nyuma ya nyumba zikifugiwa kuku. Ya kaka haikulala. Ni nyepesi, iko juu, na kwenye njia za matope ambazo wenzake wanashuka na kusukuma, yeye anapita amekaa.

Tatizo lilikuwa kabureta. Kile kizibo kinachopanda na kushuka unapovuta resi kilikuwa kimeteleza ndani ya nyumba yake kwa miaka mingi mpaka vyote viwili vikalika. Hewa ikawa inapita pembeni bila ruhusa. Pikipiki ikawa haikai silensa: ukisimama kuongea na mtu, inazima. Asubuhi ya baridi unapiga kiki mpaka jasho linatoka. Kaka alisafisha, akabadili gasketi, akapuliza matundu. Chuma kilicholika hakirudi kwa kupulizwa.

Alinipigia simu Dar es Salaam nimtafutie kabureta. Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi, ila nina ugonjwa wa kuuliza maswali, na nilikaa kwenye magereji siku tatu nikiuliza. Vijana wote waliniambia kitu kimoja: chukua ya milimita 28. Wana kabureta za muundo wa PWK, ule ulioanzishwa na Keihin, zenye kizibo bapa badala ya mviringo, zinazotengenezwa na viwanda vingi sasa na kuuzwa kwa saizi kuanzia 21 hadi 34. Ya asili kwenye DT ni Mikuni ya 24. "Ishirini na nane, bro, itapaa!"

Hesabu yao si ya uongo. Tundu la milimita 28 lina eneo kubwa kuliko la 24 kwa zaidi ya theluthi moja. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Lakini kabureta haifanyi kazi kwa ukubwa wa mlango peke yake. Kinachonyanyua petroli kutoka kwenye kikombe ni kasi ya hewa inayopita juu ya tundu. Panua mlango, na injini ileile ikivuta kwa mzunguko uleule mdogo, hewa inapita taratibu na petroli inanyanyuka kwa uvivu. Anayeshindana kwenye uwanja, injini inalia juu muda wote, halioni tatizo hilo. Anayepanda mlima kwa gia ya kwanza, resi robo, na mtungi wa naitrojeni wenye mbegu umefungwa nyuma, ataliona kwenye kila kona.

Hayo nilielezwa na mzee mmoja fundi wa Korogwe, niliposimama kwake nikiwa njiani kupanda. Nilimwamkia, nikamwonyesha picha ya pikipiki kwenye simu. Hakuuliza inakwenda kasi gani. Aliuliza: "Nduguyo anapanda na gia ngapi?"

"Ya kwanza na ya pili, mzee."

"Basi mpelekee 24. Kizibo bapa, mpya, inayobana. Inatosha."

Mkononi nilikuwa nayo ya 24, nimeichukua kwa sababu ndiyo iliyoingia kwenye mpira wa ile ya zamani bila kulazimisha. Nikafurahi kama mtu aliyepasi mtihani ambao hakuusomea. Furaha haikudumu, maana mzee akaongeza: "Sasa kazi ndiyo inaanza. Jeti utaiweka ya wapi? Ya huku chini au ya kule juu?"

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana hapa ndipo ilipo roho ya mtu.

Injini ya mipigo minne ina oili yake chini, inaogelea humo. Ya mipigo miwili haina. Oili inaingia pamoja na petroli na hewa, inalainisha pistoni na mkono wake, kisha inaungua na kutoka moshi. Kwenye DT kuna tangi dogo la oili na pampu. Waya wa resi unagawanyika, mmoja unavuta kabureta, mwingine unavuta pampu. Ukifunga kabureta mpya bila kuhakikisha nyaya zote mbili zinavuta sawasawa, injini itanguruma vizuri huku inakauka. Na petroli yenyewe inasaidia kupoza. Ikiwa kidogo kuliko hewa, pistoni inapata moto, inavimba, inang'ang'ania silinda. Mafundi wanasema injini imenoki. Ikinoki ukiwa kwenye mwendo, tairi la nyuma linakamata palepale. Kuna mashimo upande mmoja wa barabara ya Soni ambayo sitaki kumfikiria mtu yeyote akiyaendea na tairi lililokamata, sembuse mtoto wa mama yangu.

Sasa, Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 13. Kabureta haijui hilo. Yenyewe inapima ukubwa wa pumzi, haipimi uzito wake, kwa hiyo inamwaga petroli karibu ileile. Pikipiki iliyowekwa sawa Tanga mjini, ukiipandisha Lushoto inakohoa, plagi inakuwa nyeusi na mbichi. Unaweka jeti ndogo, inatulia, inakwenda safi. Umemaliza? Hapana. Kaka kila wiki anashuka Mombo kuchukua mizigo inayoletwa na basi, na chini kule hewa ni nzito. Jeti iliyokuwa sawa mlimani sasa ni ndogo mno. Mbele yake lami imenyooka, mkono unavuta resi yote, na injini ndiyo kwanza inanoga. Inanoga kweli, maana injini inayokosa petroli husikika nyepesi na yenye nguvu dakika chache kabla ya kunoki.

Tulitumia siku mbili. Siku ya kwanza tulikuwa Mombo, mzee naye akapanda basi kuja kuona, nadhani kwa hamu tu. Kaka anavuta resi yote kwenye sehemu iliyo wazi, anazima injini ghafla, anakamata klachi, anaegesha. Tunatoa plagi na kuitazama kama wauguzi wanavyotazama kipimo cha malaria. Nyeupe ni hatari. Nyeusi yenye ubichi, petroli imezidi. Tulikuwa tunatafuta kahawia, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Namba 118 ilitupa rangi hiyo. Siku ya pili juu, njia ya Magamba, ikawa 112. Hizo ni namba za pikipiki hiyo moja. Mwenye Mikuni asizinakili, maana namba za Mikuni na za Keihin hazihesabiwi kwa kipimo kimoja.

Jeti kubwa inatawala pale resi ikiwa karibu wazi yote. Katikati inatawala sindano, ambayo tuliinyanyua kwa kushusha kipini chake tundu moja, pikipiki ikaacha kusita kwenye kona za gia ya pili. Chini kabisa inatawala jeti ndogo na skrubu ya hewa, na hapo ndipo silensa ilirudi. Kaka alisimama uani na pikipiki inaunguruma peke yake, mikono mfukoni, hasemi kitu. Mama akatoka jikoni kuuliza mbona leo haizimi.

Kazini kwetu neno "maboresho" linapita mezani kila siku. Taarifa kwa vyombo vya habari hazikosi neno hilo, na mara nyingi maana yake ni kikubwa zaidi, kipya zaidi, kingi zaidi. Ninaandika, ninatuma. Mara chache narudi mahali hapo baada ya mwaka kuona kama jengo jipya la zahanati lina maji. Siku zile mbili zilinifundisha kuuliza swali la yule mzee. Inapanda na gia ngapi? Yaani kitu hiki kitatumika wapi, na nani, akiwa amebeba nini?

Kwa sababu ukinibana niseme kabureta mpya ilikuwa bora kwa lipi, si nguvu. Nguvu iliongezeka kidogo tu. Ubora wake mkubwa ni bolti moja nene chini ya kikombe: ukiifungua unaifikia jeti kubwa bila kung'oa kabureta kwenye mpira wake. Kaka anashuka, anafika Mombo, anafunga koki ya mafuta, anafungua bolti, anatoa 112, anaweka 118. Dakika tano na spana moja. Akirudi, anasubiri apande kwanza ndipo abadilishe, kwa sababu jeti kubwa mlimani inakera tu, bali jeti ndogo bondeni inaua. Na kwenye miteremko ya Soni haachi injini izunguke kwa kasi na resi imefungwa kabisa; anaipa kidogo kidogo, ipate cha kunywa.

Namba hizo ameziandika ndani ya jalada la daftari lake la uhimilishaji, juu ya orodha ya ng'ombe na tarehe zao. Jeti ambayo haitumiki huikalisha kwenye kichupa cha dawa ya macho kilichooshwa, mfuko wa shati, upande wa kushoto. Mwezi uliopita nilimpigia saa kumi na moja jioni, nikasikia injini nyuma ya sauti yake, inatembea polepole, haikatiki. Akaniambia hawezi kuongea, kuna mtamba wa mama mmoja huko mbele alianza kupanda wenzake tangu alfajiri.