Jenerali Anayengoja

Mpwa wangu mpendwa,

Insha yako nimeisoma yote. Unasema wanasiasa wa Marekani walimwonea Jenerali George McClellan wa jeshi la Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mimi sikubaliani nawe.

Kusakamwa, alisakamwa kweli. Maseneta kama Benjamin Wade walimpigia kelele karibu mwaka mzima wa 1862. Lakini mtazame mwenyewe. Mwezi Septemba askari wake waliokota amri ya siri ya Jenerali Lee, kamanda wa adui wa Kusini, karatasi iliyofungia sigara nene tatu. Bahati kama hiyo haiji mara mbili. Baada ya mapigano ya Antietam, Lee akarudi Virginia, naye McClellan akakaa zaidi ya mwezi bila kuvuka mto kumfuata. Mara askari hawatoshi, mara farasi wamechoka. Rais Lincoln akamuuliza kwa telegramu: tangu Antietam, farasi hao wamefanya kazi gani hata wachoke? Novemba akamwondoa.

Usidhani naisifu haraka. Aliyempokea, Burnside, Desemba hiyohiyo aliwapeleka vijana wake kupanda kilima penye bunduki za adui kule Fredericksburg. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walizidi 12,000.

Sasa msome George Thomas, jenerali mwingine wa Kaskazini, maana insha yako haimtaji kabisa. Desemba 1864 alikuwa Nashville, na adui yu mlangoni. Washington ilikosa subira. Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, akamtumia telegramu juu ya telegramu ashambulie. Thomas akajibu kwamba wapanda farasi wake hawana farasi wa kutosha. Alipokaribia kuwa tayari, mvua ya barafu ikafanya ardhi iteleze, mtu na mnyama wasiweze kusimama. Grant akamtuma Jenerali Logan akachukue nafasi yake. Logan alikuwa bado njiani Thomas aliposhambulia, tarehe 15. Kwa siku mbili jeshi la adui, lililoongozwa na Jenerali Hood, likavunjika, na farasi walewale waliosubiriwa ndio waliolifukuza.

Kwa hiyo usihesabu siku alizongoja jenerali. Uliza kila siku ilimwongezea nini. Na ile sentensi yako kwamba raia hawana haki ya kumwondoa mwanajeshi, ifute kabla hujamkabidhi mwalimu. Jeshi ni la wananchi, na anayeliongoza lazima awajibike kwa waliochaguliwa nao.

Ni mimi mjomba wako.