Mad Max bila kumjua Max

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Wiki hii nimeangalia Mad Max: Fury Road, ile filamu ya George Miller ya mwaka 2015, na nimeifurahia kuliko filamu yoyote ya mapigano niliyoiona kwa muda mrefu. Ninachotaka kusema ni kwamba sikuwa nimeona hata moja kati ya tatu zilizoitangulia, yaani ya 1979, ya 1981 na ya 1985. Zote zilitoka mimi sijazaliwa, na hii ya nne ilipotoka nilikuwa bweni, sekondari, napambana na hesabu.

Mshikaji wangu mmoja, ambaye kwa mambo ya filamu ni kama mufti, alinikataza kabisa. Eti nianze na ya kwanza, la sivyo sitajua Max ni nani wala kwa nini kawa kichaa. Nikamwambia bwana wee, mimi nina siku moja tu ya mapumziko. Akanuna, lakini akavuta kiti.

Hadithi yenyewe ni fupi. Dunia imeharibika kwa vita vya mafuta na vya maji. Mtemi mmoja aitwaye Immortan Joe kakalia maji. Furiosa, mwanamke wa mkono mmoja anayeendesha lori lake la vita, anawatorosha wake zake watano. Max anajikuta katikati, tena kwa kufungwa mbele ya gari kama ng'ombe wa mnadani, mdomo umezibwa kwa chuma, huku damu yake ikichuruzika kwa mpira kwenda kwa askari mgonjwa. Baada ya hapo ni kukimbizana, karibu saa mbili nzima.

Sisi wa magazeti tuna utaratibu mmoja. Ukiandika kesi iliyoanza mwaka juzi, lazima uweke aya ya kumkumbusha msomaji ilianzaje, maana yupo ambaye hakununua gazeti la jana. Miller aya hiyo anaimaliza kwa sauti chache za mwanzo tu, kisha anakuachia macho. Nani anatawala, nani ana njaa, nani anaabudiwa, vyote unaviona. Na hii si bahati. Picha walizopiga zilikuwa za mamia ya saa, na mhariri wake, Margaret Sixel, ambaye ni mke wa Miller, ndiye aliyezipunguza mpaka zikabaki saa mbili. Alipata Oscar yake mwaka 2016, moja kati ya sita ilizozoa filamu hiyo.

Kilichonishika zaidi ni maji. Joe anasimama juu ya mwamba, anafungulia mabomba makubwa, umati unakimbilia na masufuria na mabakuli, watu wanakanyagana, halafu ghafla anafunga. Anawaonya wasiyazoee maji! Jamani, mimi nimekulia mtaa wa mgao. Najua sauti ya madumu yanapogongana saa tisa usiku mtu akipiga kelele kwamba yametoka. Hapo sikuhitaji filamu ya 1979 inieleze kitu.

Na jangwa lile lipo kwetu, Namibia. Walitaka kupiga picha Broken Hill, kule Australia, mvua ikanyesha, jangwa la mwisho wa dunia likachanua maua! Ndipo wakahamia Namib mwaka 2012. Wazee wetu waliijua Namibia kupitia wapiganaji wa SWAPO waliokuwa Kongwa. Mimi nimeitazama kwa saa mbili ikijifanya nchi ya watu wengine, na kidogo iliniuma.

Sasa turudi kwa mufti. Mara kwa mara Max anatokewa na mtoto wa kike aliyekufa, anamlaumu kwa kutomwokoa. Nikageuka kumuuliza, huyu ni nani? Kimya. Ikabidi akubali kwamba katika zile tatu za zamani hayupo. Mtoto aliyempoteza Max mwaka 1979 alikuwa wa kiume, tena mdogo sana. Kumbe hapo tulikuwa sawa, mimi niliyeingia jana na yeye aliyezikariri zote. Sote tulijua tu kwamba kuna mtu Max alishindwa kumwokoa, na hiyo ilitosha kuelewa kwa nini mwishoni anampa Furiosa damu yake kwa hiari, ile ile waliyomnyonya kwa nguvu mwanzoni. Hapo mufti alijifanya kitu kimemwingia jichoni.

Lakini nisimdhulumu, naye alikuwa na raha yake ambayo mimi sikuipata. Joe alipotokea tu na lile barakoa la meno, alipiga kelele za furaha. Kumbe aliyemwigiza ni Hugh Keays-Byrne, yule yule aliyekuwa adui wa Max mwaka 1979. Mimi niliona mzee wa kutisha tu, yeye aliona mtu anayerudi baada ya miaka 36. Keays-Byrne alifariki mwaka 2020.

Ameniachia zote kwenye flashi, pamoja na Furiosa ya mwaka 2024. Jumapili naanza na ya 1979. Nataka kumwona huyo mzee akiwa kijana, kabla ya barakoa.