Mshenga wa Ndani ya Mwili



Leo hatuzungumzii singo wala udi, ingawa habari yenyewe ilianzia kwenye singo. Wiki ya harusi ya mdogo wetu, somo alikuwa akimsugua ubavuni, alipokaribia kwapa mkono wake ukasimama. Hakusema kitu mbele ya watu. Usiku alituita jikoni sisi dada zake wawili. "Wanangu, mtoto ana kivimbe kwenye titi. Kigumu, hakitembei. Msikae nacho kimya."

Kimya ndicho tulichokitaka. Kadi zimeshagawiwa, mchele umeshanunuliwa. Tukasema tungoje fungate ipite. Somo akakataa.

Majibu ya kipimo yalikuwa saratani, na yalikuja na neno tusilolijua: HER2. Daktari, mama mwenye subira, akachukua karatasi akachora duara. Hii ni seli. Kwenye utando wake kuna vipokezi, nusu nje, nusu ndani. Huko nje hupita vichocheo vya ukuaji, protini ndogo zenye amri ya kukua na kugawanyika. Kichocheo hukishika kipokezi hapo nje tu. Nani basi hupeleka habari ndani?

"Kuna protini inaitwa Grb2," akasema. "Huyo ndiye mshenga."

Tukacheka, mara ya kwanza siku ile. Akaendelea. Kipokezi kikishapata habari hutiwa alama za fosfeti kwenye mkia wake wa ndani, kama bibi harusi anavyotiwa hina. Grb2 huitambua alama ile na kuishika kwa mkono mmoja. Kwa mikono yake mingine miwili huishika protini mwenzake, SOS. Hivyo SOS hufikishwa kwenye utando, ikaiwasha Ras, na amri ikapokezanwa mpaka kwenye kiini cha seli. Grb2 yenyewe haiwashi chochote, kazi yake ni kukutanisha tu. Protini za aina hii huitwa adapta, na hii ilitambuliwa mwaka 1992. Amri kama hizo ndizo zinazosaidia ngozi kuziba tukijikata kisu.

Kwa mdogo wetu, vipokezi vya HER2 vilikuwa vingi kupita kiasi. Vilikuwa vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe na kutiana alama bila kichocheo kubisha hodi. "Posa inapelekwa, mposaji hayupo," alisema daktari. Mshenga hana kosa, anabeba aliyopewa. Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, haimgusi yeye. Huenda mlangoni, ikaishika HER2 kwa nje. Baada ya upasuaji, pamoja na dawa nyingine, mdogo wetu angeipata kila wiki 3 kwa mwaka mzima, huku moyo wake ukipimwa. Asishike mimba muda wote huo, wala miezi 7 baada ya dozi ya mwisho.

Hapo ndipo tulipokwama. Nani atawaambia wakwe? Mama alitaka tuseme bibi harusi ana homa. Mdogo wetu akasema, "Habari ikifika si yangu, basi na ndoa si yangu."

Tukamwita mzee aliyeleta posa, tukamweleza yote, hata la mimba. Aliuliza jina la ugonjwa mara mbili ili asikosee, akavaa kofia yake akaondoka. Hakuongeza, hakupunguza.

Siku tatu hatukulala. Siku ya nne akarudi. "Kijana anauliza sindano ya kwanza ni lini. Mama yake anataka kufuatana nanyi."

Tarehe ilisogezwa. Nikaha ilifungwa sebuleni kwetu, bibi harusi akiwa na kilemba cha hariri juu ya kichwa kisicho na nywele, na hina mpaka viwikoni. Bado yumo kwenye matibabu, alhamdulillah, na ni yeye aliyetuambia tuwaandikie haya.

Si kila kivimbe ni saratani, na si kila saratani ya titi ni ya HER2. Lakini dada, siku ya singo usione haya kumwambia somo akuangalie. Akikuta kitu, habari ifike kwa daktari, na ifike kama ilivyo.

Mtuombee dua.