Faili Saba kwa Mpigo: Kila Moja Ijitegemee

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, si kwa kupenda bali kazi zilinibana. Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo ambalo wengi hulipuuza mpaka siku linapowagharimu: kupakia faili nyingi kwa wakati mmoja kwenye tovuti.

Huku kwetu Kabras, msimu wa basari ukifika, saiba za Malava hujaa wazazi. Mwombaji anatakiwa kuambatisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, barua ya chifu, matokeo ya mtihani, barua ya kujiunga na shule, orodha ya karo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Hizo ni faili saba. Kamati moja iliniomba niiandikie upya fomu yao ya mtandaoni, kwa sababu ile ya zamani, iliyoundwa na mtu mwingine, ilikuwa ikiwaangusha watu. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, nimelipa mara tatu kutuma kitu kile kile." Nikamwambia, "Pole mama, ngoja nione." Siku ya mwisho fomu hufungwa saa sita usiku, na ambaye faili zake hazijafika basi tena, angojee mwaka ujao.

Tuanze na tatizo lenyewe. Fomu ya kawaida ya wavuti hufunga faili zote katika furushi moja na kulituma kwa safari moja. Utaratibu huu ulielezwa Novemba 1995 katika waraka uitwao RFC 1867, na hauna ubaya wowote pale mtandao usipoyumba. Lakini hebu tupige hesabu. Picha ya simu ya siku hizi hufika megabaiti 4 hivi. Saba ni 28. Mtandao wako ukipandisha megabiti 1 kwa sekunde (baiti moja ni biti 8), hizo ni sekunde 224, yaani karibu dakika nne. Ukikatika dakika ya tatu, unaanza upya kutoka sifuri, na bando limeshaliwa. Ni ile ya samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kuna na mtego mwingine. PHP, kwa mipangilio inayokuja nayo, hukubali faili isiyozidi megabaiti 2 na furushi zima lisilozidi megabaiti 8. Furushi likizidi hapo, programu huona fomu kana kwamba ni tupu. Mzazi anaambiwa "jaza jina lako" ilhali amelijaza vizuri kabisa. Mtu wa namna hiyo utamlaumu vipi akidhani kompyuta inamdhihaki?

Dawa ni kupakia kwa njia ya asinkroni. Maana yake ni kwamba ukurasa hausimami ukingoja. Kila faili husafiri peke yake nyuma ya pazia, huku mtu akiendelea kujaza sehemu nyingine. Microsoft ndio waliotoa chombo cha kuzungumza na seva bila kuufungua ukurasa upya, katika Internet Explorer 5 mwaka 1999, nacho baadaye kikajulikana kama XMLHttpRequest. Hata hivyo kwa miaka mingi hakikuweza kutuma faili, na waundaji tovuti waliishi kwa ujanja wa Flash, ambayo Adobe waliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Nafuu ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2010, vivinjari vilipoanza kutumia FormData na kuruhusu mtu achague faili nyingi kwa mara moja.

Haya, nilichofanya ni hiki:

1. Picha inapunguzwa ndani ya simu yenyewe kabla ya kutumwa. Ukiichora upya kwa upana wa pikseli 1600, cheti bado kinasomeka na faili hushuka hadi kilobaiti 400 hivi. Zote saba zinakuwa chini ya megabaiti 3, na ile safari ya dakika nne inakuwa kama sekunde 22.

2. Faili zinapangwa foleni, mbili tu zikitumwa kwa wakati mmoja. Ukizirusha zote saba pamoja kwenye mtandao mwembamba zinagawana njia, kila moja inachelewa, na ukikatika unazipoteza zote zikiwa nusu.

3. Kila faili inapewa namba yake ya pekee tangu ikiwa kwenye simu. Ikitumwa mara mbili kwa sababu jibu la seva lilipotea njiani, seva inaitambua na haihifadhi nakala ya pili.

4. Ikishindwa, inajaribu tena baada ya sekunde 2, kisha 4, kisha 8. Simu ikizimika, faili zinabaki kwenye IndexedDB, ghala dogo lililo ndani ya kivinjari, zikingoja mtu afungue ukurasa kwa simu ile ile.

5. Mwombaji anaona hali ya kila faili kwa jina: "Barua ya chifu: imefika." Ombi linahesabiwa limekamilika pale tu seva inapothibitisha kwamba inazo zote.

Hilo la tano ndilo ninalolisisitiza, na Wakenya tuna mfano wake mkubwa. Katika uchaguzi wa Agosti 8, 2017, vituo vilikuwa 40,883. Tarakimu za matokeo, ambazo ni nyepesi, zilifika haraka kwenye skrini, lakini picha nyingi za Fomu 34A zilichelewa; IEBC ilikuwa imetaja vituo 11,155 visivyo na mtandao wa 3G. Septemba 1, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na namna matokeo yalivyopeperushwa ilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2022, vituo vikiwa 46,229, picha za fomu ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, kituo kimoja kimoja, na yeyote aliweza kuzipakua. Mimi si mwanasiasa. Ninachokiona hapo kama mwandishi wa programu ni kwamba chepesi kikifika si ithibati kwamba kizito nacho kimefika.

Usiku wa mwisho wa maombi mvua ilinyesha na mtandao ukayumba. Kwenye kumbukumbu za seva niliona mwombaji mmoja ambaye faili zake nne zilifika saa tatu, kisha kimya. Saa tano na dakika arobaini zikaingia tatu zilizobaki, zile nne zikiwa pale pale salama. Kwa fomu ya zamani, huyo angekuwa amekosa.

Ukiunda fomu ya namna hii, usiipime kwa mtandao wa ofisini pekee. Chukua simu ya bei ya chini, pakia faili saba, kisha zima data katikati na uiwashe baada ya dakika kumi. Ukilazimika kuanza upya, kazi yako haijaisha.

Ni hayo tu kwa leo. Penye swali, karibuni. Alamsiki.