Seva Zetu Miaka ya Mgao

Kuhifadhi hali ya programu nilifundishwa na mgao wa umeme. Mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya bwawa la umeme la Mtera, nilikuwa Dar es Salaam nikitunza seva zinazoendesha WRF, programu ya kukokotoa hali ya hewa. Hesabu moja ilikula siku kadhaa. Ratiba ya mgao tuliletewa, lakini ratiba na umeme havikuwa vikijuana. UPS ilitupa nafasi ya kuzima mashine kistaarabu, basi.

Dawa ilikuwa ndani ya WRF yenyewe. Kwenye faili la namelist.input kuna mstari uitwao restart_interval. Unauandikia dakika, na kila muda huo ukitimia programu inatua kwenye diski faili linaloanza na wrfrst, lenye upepo, joto na unyevu wa kila kisanduku cha ramani. Umeme ukirudi unaanzia hapo. Ubishi ofisini ukawa: tusevu kila baada ya muda gani? Mkuu wangu alitaka kila dakika 10. Mimi niliona diski zitashinda zinaandika huku hesabu imesimama. Tuliamuliwa na kanuni ya John W. Young ya mwaka 1974: zidisha muda wa kuandika faili kwa wastani wa muda kati ya hitilafu, zidisha tena kwa 2, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kuandika kukichukua dakika 2, na umeme ukikatika kwa wastani kila baada ya saa 15, jibu ni dakika 60. Young alichukulia kwamba hitilafu huja ovyo ovyo, na ratiba yetu haikumwangusha.

Niliweka pia sharti ambalo wenzangu waliliita ukaidi: faili ambalo halijawahi kuendelezwa lisihesabiwe. Tuliendesha utabiri wa saa 24 kwa mkupuo, kisha tukaurudia kwa vipande viwili vya saa 12, tukalinganisha namba kwa namba. Desimali ya mwisho ikitofautiana, ujue kuna kitu hakikuandikwa.

Baadaye ikaja CRIU, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Pavel Emelyanov na wenzake kwa ajili ya Linux. Hii haingoji programu ijue kujihifadhi. Huigandisha, hupenyeza ndani yake kipande kidogo cha msimbo, na kuifanya itaje yenyewe kilichomo kwenye kumbukumbu yake, mithili ya pepo anayesema kwa kinywa cha aliyepagawa. Ikifufuliwa hurudi na namba yake ile ile ya mchakato. Hata mawasiliano ya TCP yaliyokuwa wazi yaweza kuungwa tena. Ilinivutia mno. Utabiri, hata hivyo, sikuikabidhi. Hubeba kumbukumbu nzima, yenye maana na takataka, na hudai maktaba zile zile na mafaili yale yale, mahali pale pale. Faili la wrfrst nililihamishia seva nyingine kabisa na kazi ikaendelea.

Siku hizi vijana hukodi mashine ughaibuni na kuona mgao umekwisha. Zile za bei nafuu za Amazon, ziitwazo Spot, huweza kuchukuliwa wakati wowote, na notisi yake ni dakika 2. Unayeandika programu ya kukesha, anza na sehemu ya kuiendeleza, uijaribu, ndipo ukodi.