Njia ya Kolwezi na Mafuta ya Motokari

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni safari ya kilometa karibu 300. Likasi iko ku kilometa karibu 120, kisha Fungurume, kisha daraja la Lualaba. Kamyo za madini zinapita usiku na mchana. Motokari ikizimika gizani na watoto wako ndani, kamyo ya nyuma inaweza kuiona wakati umekwisha kupita. Na mara nyingi chanzo ni mafuta tu. Basi twende pamoja, hatua kwa hatua.

Tuanzie Lubumbashi. Mafuta yetu yanatoka mbali, mengi yanapitia Kasumbalesa, na yanabadilishwa vyombo njiani. Kwa kadafi wa kando ya barabara, haujui bidoni ile ilibeba nini jana. Mimina kidogo mu chupa ya kioo, acha itulie robo saa. Maji ni mazito kuliko esansi na mazuti. Yatashuka chini pamoja na uchafu, na utayaona. Lakini petroli ya taa iliyochanganywa hautaiona kwa macho. Kwa hiyo heri kununua ku stasio unayoijua.

Mu miezi ya Juni na Julai usiku wetu ni baridi sana. Tanki lenye nafasi tupu lina hewa, na unyevu wa hewa ile unageuka matone ya maji. Jaza tanki jioni, usingoje asubuhi.

Sasa umepita Luisha. Motokari inakata, inashika, inakata tena. Fikiri maji ao uchafu. Motokari nyingi za mazuti ziko na kizibo chini ya filtre. Shofere azime moteri, afungue kidogo, maji yatoke mpaka mazuti safi ionekane, kisha afunge vizuri.

Umefika ku vilima vya Likasi. Kama ku tambarare motokari inakimbia, lakini ku mlima inakosa nguvu, mara nyingi filtre ya mafuta imeziba ao pompe imechoka. Badilisha filtre kwa wakati ulioandikwa mu kitabu cha motokari, na kwetu, penye vumbi hili jekundu, hata mbele ya wakati ule. Moshi mweusi unaonyesha kwamba mafuta yamezidi hewa: angalia kwanza filtre ya hewa. Tena usizoee kutembea paka na mafuta ya mwisho. Ku motokari nyingi za esansi pompe iko ndani ya tanki, na mafuta yenyewe ndiyo yanaipoza. Na mazuti ikikauka kabisa, hewa inaingia mu matiyo. Lazima kuitoa kwanza, motokari ndiyo iwake tena.

Kufika Fungurume, mama anasema: "Papa, nasikia harufu ya esansi." Usimujibu kwamba ni kitu kidogo. Simama kando, zima moteri, watu wote watoke, watoto mbele. Usiangalie na kiberiti wala mshumaa. Tiyo moja iliyopasuka karibu na moteri ya moto inaweza kuchoma jamaa nzima.

Kolwezi, nyumbani. Bidoni ya esansi isilale mu chumba, wala karibu na mbabula. Na ninyi vijana, musivute mafuta kwa mdomo na tiyo: yakiingia mu mapafu yanaweza kuua. Aliyemeza musimutapishe, mupeleke hospitali mbio. Na mazuti inayonyonywa usiku ku kamyo ya kampuni ni mali ya wizi, hata kama bei yake ni nzuri. Mukristo asiinunue.

Mu Matayo 25 mabikira kumi wote walikuwa na taa, wote walisinzia. Kilichowatenga ni mafuta, na mambo ya mafuta yalikatwa mbele ya usiku. Kwa hiyo, papa na mama, mbele ya kupanda motokari muulize shofere maulizo matatu: Mafuta yalitoka wapi? Filtre ilibadilishwa lini? Kuna harufu yoyote? Akikasirika, mungoje motokari ingine. Kisha muombe, na Bwana awafikishe salama.